Kurasa Ishirini na Sita za Solfa

Kazi yangu ya kwanza kwa yule mzee ilikuwa kumwosha miguu. Kampuni ya huduma za nyumbani iliyoniajiri ilikuwa imeniandikia maelezo yake kwenye karatasi moja: mwanamume, miaka themanini na minne, anaishi peke yake Saint Paul, Minnesota, ana ugonjwa wa kutetemeka, macho hafifu, profesa mstaafu, asili yake Italia. Haikuandika kwamba alikuwa mtunzi wa muziki wa okestra. Hilo nililijua nikiwa nimepiga magoti mbele ya beseni, aliponiambia nisimwage maji kwenye karatasi. Nikageuka. Chini ya kitanda, chini ya kabati, hadi mlangoni, sakafu ilikuwa imefunikwa na karatasi pana zenye mistari, kila moja imejaa vidoa vya penseli.

"Hizo ni nini, Mzee?"

"Dakika nne na nusu," akasema. "Miezi saba ya kazi."

Tulikuwa tukiongea Kiingereza, yeye na cha kwake, mimi na changu. Nilimwita Mzee tangu siku hiyo. Alipouliza maana yake nikamweleza, akasema kwamba hapa Marekani mtu angeshtakiwa kwa kumwita mwenzake mzee, na akataka niendelee. Yeye aliniita bwana mwandishi, baada ya kujua kwamba nilikuwa ripota wa gazeti Nakuru kwa miaka kumi na moja kabla ya kumfuata mke wangu, ambaye ni nesi, mpaka huku kwenye baridi.

"Bwana mwandishi, leo kuna habari gani?" angeuliza kila asubuhi nilipokuwa nikivua buti mlangoni.

"Theluji inchi tano, Mzee. Basi limechelewa. Jirani yako amezoa theluji kwa koleo hadi kwenye mpaka wa uwanja wake na kuacha hapo hapo."

"Andika. Hiyo ni ya ukurasa wa kwanza."

Maisha yake niliyapata vipande vipande, wakati wa kumnyoa na wakati wa kumvisha soksi. Alizaliwa kwenye tambarare ya mpunga kaskazini mwa Italia. Mama yake alikuwa mpalilizi, mmoja wa wanawake waliosimama majini siku nzima wakiwa wameinama, na baba yake alikuwa mfanyakazi wa reli. Padri alimfundisha kinanda, mji ukachanga akaenda kusoma Milano. Kazi yake ya kwanza kwa okestra ilichezwa akiwa kijana, nusu ya ukumbi ukapiga makofi na nusu ukapiga mbinja za kuzomea. Aliniambia kwamba hakuwahi tena kupata siku nzuri kama ile, kwa sababu watu wote ukumbini walikuwa wamesikiliza. Baadaye akaja Minnesota kufundisha kwa mwaka mmoja. Akaoa hapa, akabaki, akamzika mke wake hapa.

Aliandika kazi saba za okestra kwa jumla. Tano zilichezwa, nyingi mara moja tu. Mtunzi wa nyimbo za kanisa huandika Jumatatu na kusikia Jumapili. Yeye aliandika miaka mitatu, akangoja miaka mingine mitano, akasikia dakika kumi na nane, watu wakavaa makoti wakaenda kutafuta magari yao. Kazi zenyewe zilikuwa kwenye maboksi besmenti, chumba cha chini ya nyumba, karibu na tanuri la kupasha nyumba joto. Nilipoziona mara ya kwanza nikazihamishia mbali na moto, nikazipanga kwa miaka. Aliposikia alikasirika. Alisema aliziweka pale makusudi. Sikujua kama ni utani.

Ile iliyokuwa sakafuni ilikuwa ya nane. Aliiandika kwa ajili ya mama yake na wale wanawake wa mpunga, ingawa haikuwa na maneno wala mwimbaji. Namna yake ya kuandika ilikuwa kuanzia chini ya ukurasa: kwanza zile besi kubwa za nyuzi, kisha sello, ndugu zao wadogo, na hivyo akipanda mpaka filimbi. Alisema nyumba haianzi na paa. Okestra moja ya watu wa kujitolea ilikuwa imemwahidi kwamba akiipeleka kabla ya mwisho wa majira ya baridi, wataipiga yote mara moja, wakati wa mazoezi. Si tamasha. Lakini angeisikia. Hicho ndicho alichokitaka, na hakukificha: kuisikia mara moja akiwa hai.

Tatizo lilikuwa mkono. Mwezi wa Novemba penseli ilianza kumtoroka. Vidoa viliangukia mistari miwili kwa pamoja, na macho yake hayakuweza tena kuona vimeangukia wapi. Kuna mwanamke aliyewahi kuwa mwanafunzi wake, sasa mwalimu wa muziki wa shule huko Richfield, mtu wa miaka sitini hivi, mwenye haraka na mkweli. Kila Jumamosi alikuja kunakili kazi ya mzee kwenye kompyuta. Alimwambia, Maestro, niambie tu noti, mimi nitaingiza. Lakini muziki ulimjia Jumanne na Alhamisi, na ikifika Jumamosi umekwisha kupotea. Nilimwona akiwa amekaa mbele ya yule mwanamke, mdomo wazi, mkono ukitetemeka gotini, akitafuta kitu ambacho mimi mwenyewe nilikuwa nimemsikia akikiimba siku mbili kabla nikimpikia uji.

Mtu atauliza kwa nini sikumrekodi kwa simu. Kampuni yetu ilikataza kabisa kumrekodi mteja nyumbani mwake, sauti au picha, na mfanyakazi mmoja alikuwa amefutwa kwa hilo. Kinasa sauti chake mwenyewe alikuwa nacho, lakini hakutaka kukigusa. Alisema sauti yake imekuwa ya mbuzi na hataki mbuzi abaki duniani baada yake.

Basi Jumanne moja, alipokuwa akiimba kati ya kitanda na dirisha huku nimemshika mkanda wa kiunoni asianguke, nilimkalisha, nikatoa daftari langu, nikaandika alichoimba. Niliandika kwa solfa, do re mi kwa herufi za kwanza, na vidoti na koloni za kupima muda, kama tunavyoandika kwenye kwaya. Nimeimba besi tangu shule ya msingi. Sijui kusoma noti za mistari, lakini solfa naiandika haraka kuliko nilivyowahi kuandika maneno ya hakimu. Nilipomaliza nikamwimbia.

Akanigeuzia yale macho yasiyoona vizuri.

"Tena," akasema.

Nikaimba tena.

"Unaiimba kutoka shimoni kwako. Lakini ndiyo yenyewe."

Nilichukulia hiyo kuwa sifa. Usiku ule nikamwambia mke wangu kwamba kwa mara ya kwanza tangu tuje nchi hii, mtu amehitaji kitu ninachokijua mimi. Alikuwa anavaa sare aende zamu. Akasema vizuri, lakini nisisahau kwamba nimeajiriwa kumwogesha.

Tangu hapo tukawa na utaratibu. Saa mbili dawa, saa mbili na nusu kuoga, saa tatu uji na kahawa yake nyeusi, saa nne daftari. Siku nyingine alitoa mstari mmoja, siku nyingine ukurasa. Kila ukurasa nikaandika tarehe juu, na hali ya hewa, na alikula nini, kwa sababu ndivyo nilivyozoea kuandika mambo. Alisema alichokuwa akinipa ndicho mwisho wa kazi, sehemu ambapo besi zote zinanyamaza na kubaki wimbo mmoja tu, kisha mwingine juu yake, kama wanawake wanaosikizana kutoka shamba moja hadi jingine. Yule mwanafunzi wake alikuwa bado ananakili sehemu zilizotangulia. Tulikubaliana kwamba daftari litamngoja mpaka afike huko.

Hapa lazima nieleze kwaya yetu ya Wakenya huko Crystal, kitongoji tunakoishi. Vitabu vya solfa vilivyochapwa, vile tulivyotumia shuleni, vina mahali juu pa kuandika do inakaa wapi, ili kila mtu aanze sauti ile ile. Sisi hatuandiki. Mwalimu wetu wa kwaya huendesha lori siku za wiki, na Jumamosi huja amechoka, anasimama mbele yetu na kuhesabu nani amefika.

"Soprano ni wawili tu leo? Wengine wako wapi?"

"Wako kazini, mwalimu. Double shift."

"Na wewe una mafua. Haya, tushushe." Anatoa sauti. "Bado iko juu. Tushushe tena."

"Mwalimu, ukishusha zaidi sisi besi tutaimbia besmenti."

"Besmenti kuna joto. Twendeni."

Ndivyo wimbo unavyoanza kwetu: pale makoo yaliyopo yanapoweza kuufikia. Wiki ijayo utaanzia pengine, na ni wimbo ule ule. Sijawahi kumsikia mtu yeyote Crystal akiuliza wimbo fulani unakaa wapi hasa.

Wiki ya pili ya Februari, asubuhi, nilikuwa nimempa kijiko cha tatu cha uji ukamtoka upande wa kulia wa mdomo. Nikafikiri amekataa. Kisha kope ya upande ule ikashuka. Nikapiga simu ya dharura, nikatazama saa, nikaandika dakika, kwa sababu hospitali huuliza dakika. Alikuwa akijaribu kuniambia kitu. Kilichotoka hakikuwa neno. Wahudumu wa ambulansi walimchukua kwa machela wakipita juu ya karatasi zake, maana hakukuwa na njia nyingine, na nikabaki kuzifuta alama za buti.

Daktari alisema kiharusi kimechukua maneno, na sauti nayo. Ataelewa anayoambiwa, pengine.

Jumamosi ile yule mwalimu wa Richfield alikuja kama kawaida, tukakaa jikoni kwa mzee wenyewe bila yeye. Alikuwa amemaliza kunakili kurasa zote za penseli. Akafungua kompyuta, akaweka kinanda kidogo mezani, akasema, "Haya, tupate mwisho."

Nikafungua ukurasa wa kwanza nikaimba. Aliinamisha kichwa, akasikiliza, akatikisa kichwa kwa kukubali. Akabonyeza funguo mbili tatu.

"Ni nzuri sana," akasema. "Inaanzia wapi?"

"Kwenye so."

"Sawa, lakini do iko wapi? Ni noti gani kwenye kinanda?"

Alifikiri sijaelewa, akaniuliza tena polepole, kama anavyowauliza watoto wa shule. Nikapekua ukurasa wa pili, wa tatu, wa kumi. Tarehe. Nyuzi tano chini ya sifuri. Mkate wa kuchoma na yai. Kurasa ishirini na sita, na hakuna hata mmoja ulioonyesha.

"Unanitania," akasema.

"Sikuandika."

"Kila siku alianza pale pale, au kila siku mahali tofauti?"

"Sijui. Nadhani tofauti."

Aliondoa mikono yake kwenye kinanda akaiweka mapajani. "Ulikuwa mwandishi wa habari," akasema, bila ukali. "Nani, nini, lini. Wapi hukuuliza?"

Akanieleza kwa upole, na upole ule ulikuwa mgumu kuuvumilia. Kwa mzee, wimbo ule ule ukisogezwa juu kidogo ni kitu kingine. Ukiwa hapa, sello inaweza kuuimba kwa uzi ulio wazi, usiobanwa na kidole, sauti ikatoka pana. Ukisogezwa pale, sello inabanwa, sauti inakuwa ya mtu anayejizuia kulia. Ukipanda zaidi si wa sello tena, ni wa zumari. Na kila kipande kinachofuata lazima kijulikane kimesimama wapi kikipimwa na kilichotangulia, la sivyo wale wanawake hawasikizani, wanapiga kelele tu kila mmoja kwake. Akajaribu kuunganisha ukurasa wa kwanza na pale penseli ilipoishia. Uliingia ukianzia noti tatu tofauti. Zote tatu zilisikika kama kweli.

Ndipo nilipoelewa maneno ya mzee siku ile ya kwanza ya daftari, kwamba ninaiimba kutoka shimoni kwangu. Alikuwa amesikia kwamba ninaimba mahali pengine. Alijua ni koo langu tu. Hakuuliza kama nimeandika mahali penyewe, kwa sababu kwake hakuna mtu anayeweza kuandika noti bila kusema ni noti gani. Mimi nami sikumwambia, kwa sababu kwetu hakuna anayeiandika.

Tulikwenda hospitali Jumatatu. Alikuwa ameegemezwa kwa mito, mkono wa kushoto, ulio mzima, juu ya blanketi. Yule mwalimu akamweleza hali yote, kwa ukweli, huku mimi nimesimama miguuni pa kitanda. Akamwambia, Maestro, tutaimba ukurasa wa kwanza mara tatu, kila mara kutoka mahali tofauti, ukisikia mahali pake, inua mkono. Akabonyeza kinanda, mimi nikaimba kutoka pale aliponionyesha.

Mara ya kwanza hakufanya lolote. Mara ya pili mkono uliinuka, labda inchi moja. Mara ya tatu uliinuka tena. Machozi yalimtoka jicho la upande mgonjwa, lakini nesi alikuwa ametuambia kwamba jicho lile hutoa machozi lenyewe. Tukarudia. Mara hiyo mkono uliinuka kabla sijaanza kuimba.

Kwenye korido, karibu na lifti, yule mwalimu akasema, "Ni ya pili. Ulimwona."

"Aliinua na ya tatu."

"Ya pili aliinua zaidi."

"Mimi sikuona hivyo."

"Nisikilize. Nikiweka ya pili, nitapata njia ya kuunganisha zinazofuata. Nimesoma naye miaka sita, najua anavyofikiri. Okestra wanataka karatasi wiki ijayo. Hakuna atakayejua."

"Yeye atajua."

"Hatakuwepo. Hatoki humu, unajua hilo. Unataka iishie hewani?"

Nilitaka kusema ndiyo ni ya pili. Ilikuwa rahisi, na ingenitoa kwenye kosa langu. Nilimwambia kwamba sijui, na kwamba mtu akiniuliza nitasema sijui. Lifti ikafunguka, akaingia peke yake. Kabla ya milango kufungwa akasema, "Bora ungekuwa hujui kuandika kabisa." Siku tatu baadaye alinitumia ujumbe mfupi. Alikuwa amejaribu, akafika ukurasa wa tano, akaona kwamba sasa anatunga yeye. Amefuta. Watapiga mpaka penseli ilipoishia.

Mazoezi yalikuwa Jumamosi mchana, katika ukumbi wa shule moja Richfield, na ndege za uwanja wa karibu zilipita juu ya paa kila baada ya dakika chache. Wachezaji walikuwa watu wa kawaida: daktari wa meno, dereva wa basi la shule, wastaafu. Niliketi safu ya nyuma na koti langu. Kwa miezi minne nilikuwa nimeishi juu ya zile karatasi na sikuwahi kusikia hata sauti moja iliyokuwa ndani yake.

Zilianza besi, chini kabisa, kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia, kama miguu inayong'olewa matopeni mmoja mmoja. Kisha sello. Watu walikosea, kiongozi wao akaendelea bila kusimama kama walivyokubaliana. Kila kundi lilipoingia sikuona kitu kikiongezeka, niliona maji yakipanda. Halafu besi zikaanza kuondoka. Fidla zikabaki, kisha fidla chache, kisha moja, ambayo ilishika sauti yake na kungoja. Kiongozi akashusha mikono.

"Ndipo alipofika," akawaambia.

Mtu mmoja wa tarumbeta akauliza kama warudie. Kiongozi akatazama saa, akasema wana kazi nyingine ya kuandaa. Wakageuza karatasi. Yule mwalimu alikuwa upande wa pili wa ukumbi. Tulitazamana, akaanza kufunga skafu yake.

Mzee alikuwa amehamishiwa nyumba ya kutunzia wagonjwa, na kampuni ilikwisha kunipa mteja mwingine, kwa hiyo nilikwenda kama mgeni, nikaandika jina langu kwenye kitabu cha wageni. Nikavuta kiti upande wa jicho lake zima. Nikamweleza kama nilivyokuwa nikimpa habari za asubuhi: wachezaji wangapi, nani alikosea, jinsi besi zilivyosikika, jinsi ndege ilivyopita juu ya sello. Alisikiliza bila kuondoa macho. Nikamwambia ilipoishia. Kisha nikamwambia lile ambalo hospitalini nilikuwa nimemwachia yule mwalimu alisema kwa niaba yangu, kwamba ni mimi niliyeandika bila kuandika mahali, kwamba si yeye aliyesahau.

Alinyoosha mkono mzima. Nikaelewa anataka daftari, nikampa. Aliliweka tumboni, akapitisha kidole gumba kwenye kurasa, moja baada ya nyingine, kwa kasi ile ile, ingawa hakuweza kuona hata herufi moja na mwanzoni alikuwa amelishika kichwa chini. Ilichukua muda. Alipofika mwisho alilifunga, akalisukuma juu ya blanketi mpaka likagusa mkono wangu. Kisha akageuza uso dirishani, ambako trekta lilikuwa likisukuma theluji ya maegesho, na hakunigeukia tena mpaka waliponiambia muda wa wageni umekwisha.